Siku Mashine ya Runazi Ilipozimwa

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, poleni na jua na poleni na biashara. Mwenyekiti wenu wa wafanyabiashara ameniomba nieleze jinsi kituo chetu cha watoto pale Runazi kilivyofungwa na kilivyofunguliwa tena. Nilimwambia mimi si msemaji, na leo nimechoka, mtoto wangu ameshinda na homa tangu jana. Lakini mmefunga maduka yenu mkaja kusikiliza, basi nitasema.

Mimi ni mzaliwa wa Murukulazo, kule Ngara, kwa wakulima. Nikaolewa Runazi. Mtoto wangu wa pili alizaliwa na mtindio wa ubongo. Kwa asiyejua, shingo yake haikukaza, mikono inajikunja, hata kumeza uji ni kazi. Lakini akili ipo, ukimtania anacheka. Nilidhani niko peke yangu. Nilipoanza kwenda naye kliniki ndipo nikagundua kwamba Runazi hiyo hiyo tuko wengi, kila mama amemficha wake chumbani.

Tukaanza kukutana. Kijiji kikatupa ghala la zamani, tukalipiga lipu. Asubuhi mama analeta mtoto, anakwenda shamba na moyo umetulia, mchana anakuja kumchukua. Serikali ikatuunga mkono kwa ruzuku. Tukapata mtaalamu wa mazoezi ya viungo, tukapata dada wawili wa kupika uji na kuwageuza watoto. Ndugu zangu, nawaambia, mtoto wa miaka sita akikaa mwenyewe kwa mara ya kwanza, mama yake hajui acheke au alie. Nimeyaona hayo kwa macho yangu.

Halafu ruzuku ikachelewa. Mara ya kwanza hatukushtuka. Mara ya pili nikaenda ofisini. Afisa aliyekuwa anatushughulikia akaniambia, "Mama, vumilia, fedha hazijashuka." Nikauliza zitashuka lini. Akasema, "Hata mimi sijui, mama yangu." Simlaumu. Aliingiza mkono mfukoni mwake akaninunulia sabuni ya watoto, na mshahara wake sote tunajua ulivyo mdogo.

Hiyo "sijui" ndiyo iliyotumaliza. Ungeambiwa hakuna kabisa, ungejipanga. Ungeambiwa zipo, ungesubiri. Sasa unaambiwa hakuna ajuaye. Mtaalamu wetu akasubiri, akachoka, akapata kazi kwingine, akaaga huku analia. Dada mmoja akarudi kwao Bisibo kulima. Nikauza mbuzi. Nikauza cherehani yangu. Mume wangu akanyamaza, na mnajua mwanamume akinyamaza ndani ya nyumba inakuwaje. Siku moja akaniambia taratibu, "Unalisha watoto wa wenzako, wako wanakula mihogo mikavu." Alikuwa anasema kweli.

Nikawaita kina mama nikawaambia: kuanzia Jumatatu msilete watoto. Nilitegemea wangenikaripia. Hakuna aliyenikaripia. Walifunga watoto wao mgongoni wakaondoka, mmoja akanishukuru. Kushukuriwa kule kuliniuma kuliko matusi.

Mimi nikalala. Siyo ugonjwa wa kupimwa damu. Nilikuwa naamka, nampa mwanangu uji, narudi kitandani. Jirani akinigongea namwambia nina malaria.

Sasa sikieni kilichotokea. Kulikuwa na mama mmoja ambaye binti yake tulikuwa tumemfikisha mahali pa kushika kikombe. Msimu ulikuwa wa kupalilia, mume hayupo, amekwenda kutafuta kibarua. Akamlaza binti kwenye mkeka, akafunga mlango, akaenda shamba. Angefanya nini? Siafu wakaingia.

Poleni, najua mna watoto. Mtoto yule hawezi kukimbia wala kujifuta uso. Alilia mpaka sauti ikakauka. Aliyemsikia ni bibi aliyekuwa anapita kuteka maji, akavunja mlango. Mtoto alipona. Nasema mapema ili mpumue. Alipona, lakini macho yalivimba, mwili mzima ulikuwa wa kugusa tu analia.

Mama yake alipotoka naye zahanati alipitia kwenye mashine ya kusaga, maana alikuwa ameacha mahindi yake pale asubuhi na nyumbani hakukuwa na unga. Mwenye mashine alipomwona mtoto akauliza, "Huyu kafanywa nini?" Akaelezwa. Akasema, "Kwani kile kituo si kipo?" Mama akajibu, "Kimefungwa, baba. Serikali bado haijaleta."

Waliokuwepo wanasema alikwenda akazima mashine. Foleni ya watu imejaa na ndoo zao, yeye kazima. Akaja kwangu kwa miguu, unga umemjaa mpaka kwenye kope. Nikatoka na kanga ya kulalia.

"Mama, unaumwa?"

Nikasema, "Nimechoka."

"Kwa nini hukuja kwangu? Nasaga unga kila siku, mita mia tatu kutoka pale kituoni."

Nikamwambia, "Nilidhani ni kazi ya serikali."

Akakaa kwenye kigogo cha nje. Akasema, "Ni kazi yake. Na ikileta, ipokee. Lakini mtoto anakula leo." Halafu akaniambia maneno ambayo nayasema kila ninapoitwa: "Fedha ya kukupa sina. Nina mashine. Niambie mashine inaweza kufanya nini."

Ndugu zangu, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilizoea kuulizwa nahitaji shilingi ngapi, kisha mtu anasikitika. Tukakaa tukafikiri. Kina mama wana mahindi yao, kila mmoja anaweza kutoa bakuli. Yeye atasaga bure, na atachanganya soya kidogo. Uji ukapatikana hapo hapo kwenye kigogo, na kituo kikafunguliwa tena.

Ndiye aliyenileta hapa mjini kwa mama mmoja mwenye duka la jumla. Wengi mnamjua, familia yao ilitoka pwani tangu babu yake, lakini ameniomba nisimtaje. Aliagiza chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi zaka yangu naitoa Ramadhani. Ramadhani ikiisha, watu wananisahau na mimi nawasahau. Watoto wako wanakula Shawali pia. Tutafute kitu nitakachokiweza hata biashara ikiwa mbaya." Akamwita dereva wake. "Lori linapopeleka mzigo Ngara, mbele kuna nafasi?" Dereva akasema ipo, ya watu wawili. Tangu hapo mama na mtoto wake wanakwenda na lori kwenye mazoezi hospitalini Ngara, zamu kwa zamu, wanarudi nalo jioni. Mafuta yaleyale, safari ileile.

Fundi seremala mmoja akatuchongea viti vya kukalia watoto kwa mabaki ya mbao. Cha kwanza kilikuwa kirefu mno, mtoto akateleza. Akaja mwenyewe akampima mtoto kama fundi nguo anavyopima, akaenda kukichonga upya.

Msidhani yote yalikuwa mazuri. Alikuja mfanyabiashara mwingine akataka kutupa mabati, ila watoto wapigwe picha, wawekwe kwenye bango kubwa njia panda na jina la duka lake. Nikamuuliza, "Wa kwako ungemweka?" Akakasirika, akaondoka na mabati yake. Mpaka leo ghala letu linavuja upande wa kusini. Mvua zikianza tunasogeza mikeka. Nilimkataa, na kila mvua inaponyesha najiuliza kama nilifanya sawa.

Na mwenye mashine naye yalimkuta. Injini iliharibika, akakopa. Lakini alikuja kabla unga wa mwezi ule haujaisha, akasimama mlangoni, akasema, "Mama, mwezi ujao usinitegemee. Nikitengeneza nitarudi." Aliona aibu. Mimi nilikaribia kumkumbatia! Tulipata muda wa kujipanga, tukatwanga kwa kinu, watoto hawakukosa uji hata siku moja. Akatengeneza, akarudi kama alivyosema.

Ruzuku ilikuja tena, nashukuru, tukamrudisha dada wa Bisibo. Kisha ikakatika. Sasa hivi tunaambiwa iko njiani. Barua za kukumbushia naandika kama kawaida, maana ni haki ya watoto na sitaiacha. Ila mlango haufungwi tena kwa sababu ya kusubiri.

Nawashukuru hao wote niliowataja bila majina. Namshukuru yule bibi aliyevunja mlango, na afisa wa sabuni. Namshukuru mume wangu, ambaye siku hizi ndiye anayebeba maji ya kituo, na bado hasemi sana.

Fundisho langu ni dogo, nyinyi mnajua biashara kuliko mimi. Usisubiri upate faida kubwa ndipo usaidie. Tazama kazi yako ya kila siku: gari lako linakwenda wapi, stoo yako ina kona gani tupu, mikono ya fundi wako inajua nini. Toa hicho, kidogo, mfululizo. Na siku ukishindwa, usijifiche. Njoo useme mapema. Kwangu mimi, mtu anayeniambia mapema kwamba mwezi ujao hana, huyo amenisaidia.

Nisiwachoshe, na miguu yangu inaniuma. Kesho lori la yule mama haliendi, liko gereji, na kuna mama ana kliniki Ngara na mtoto wa miaka minne. Kama kuna mwenye gari linaloelekea huko asubuhi, nitakuwa pale nje kwenye benchi. Asanteni.