Mwalimu Erinayo Opoka na Shingo ya Njia

Ndugu waombolezaji, naomba mfikirie kibuyu kilichojaa maji, kipana tumboni, chembamba shingoni, na mkono mmoja umeishika shingo ile, kwa maana hivyo ndivyo kaka yangu, marehemu Mwalimu Erinayo Opoka, alivyowafundisha wanafunzi wake shingo ya njia, yaani mahali pembamba, kama daraja, pengo la milima au mlango wa bahari, ambapo anayepashika ndiye huamua nani apite.

Alizaliwa Kitgum tarehe 14 Machi 1924, akasoma huko, akahitimu ualimu Gulu mwaka 1946, na tarehe 7 Januari 1950 akafunga ndoa na Rosalba Aber, wakajaliwa watoto wanne. Mwaka 1961 alihamia Kampala, akajenga Kyebando, akawafundisha jiografia askari polisi vijana waliosoma jioni.

Mwaka 1973 kizuizi kiliwekwa kwenye daraja la mbao bondeni kwetu, na mkubwa wa askari waliokilinda, Otema, mmoja wa wanafunzi wale wa jioni, alimpigia marehemu saluti akisema, "Mwalimu, si unaona? Shingo tumeshika!" naye marehemu akacheka. Asubuhi ya tarehe 9 Agosti 1974, alikwisha kuvuka aliposikia jirani yetu Emile, fundi cherehani kutoka Kongo, aliyezuiwa na askari, akiita nyuma yake, "Mwalimu! Waambie mimi ni nani!" akageuka, akatazama, akaendelea kutembea. Emile hakurudi. Marehemu aliagiza jambo hili lisiachwe leo, na dada Perpétue, mke wa Emile, aliyeketi hapa mbele, amekubali lisomwe.

Tangu siku ile alitangulia darajani kila alfajiri, akawasalimia askari kwa majina yao, asiondoke mpaka jirani wa mwisho avuke, kwani waliona haya kumgusa mtu mwalimu wao akitazama. Wengi walivuka, si wote. Nilipomwambia kwamba sasa inatosha, alinijibu, "Joska, yule aliyeniita bado ananiita."

Aliugua ini tangu Februari 1979, akafariki hospitali ya Mengo tarehe 2 Juni, kizuizi kikiwa kimekwisha kuondolewa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kyebando, na walimu wenzake waliokuja kumkalia zamu kitandani.

Kaka, pumzika sasa, umesimama vya kutosha. Nanyi wapendwa, nawaomba mkumbuke moja tu: ukishavuka mahali pembamba, geuka, umngoje aliye nyuma yako.