Marehemu Sironka na Ghala la Nyasi

Waombolezaji wapendwa, poleni kwa safari na poleni kwa kusimama, viti tulivyoahidiwa havikufika, na sababu yake mtaisikia huko mbele. Familia ya marehemu Emmanuel Sironka imeniomba mimi, mdogo wake, niwasomee maisha yake, nasi tumechoka kweli kweli, kwa hivyo mtuvumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1966 huko Illasit, akiwa kifungua mimba wa mama yetu, akachunga ndama kabla hajajua kusoma, akaanza shule ya msingi hapo hapo Illasit mwaka 1974, akaingia sekondari mjini Kajiado mwaka 1981 hadi 1984, kisha akasomea ufugaji na kupata diploma yake mwaka 1988. Walimu walimsifu kwa bidii, sisi nyumbani tulimjua kwa ubishi, maana jambo akishaliamini humtoi hapo hata umvute kwa kamba.

Januari 1989 aliajiriwa na kampuni moja ya nyama hapa Kitengela kama mnunuzi wa ng'ombe, akapanda hadi kuwa meneja wa ununuzi mwaka 2005. Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa kanisani na Nyaguthii, binti wa muuza mbao wa Noonkopir, ambaye wazee wetu walinong'ona kwamba hatajua kukamua, naye amekamua mpaka wazee wenyewe wakaomba maziwa. Mungu akawajalia Elizabeth mwaka 1996 na Nick mwaka 1999.

Sasa nifike kwenye jambo lililomla ndugu yangu. Ukame wa 2009 ulipouma, wafugaji walileta mifugo langoni pa kampuni ikiwa mifupa mitupu, mitamba na ng'ombe wa kuzaa wakiwamo, wakauza kwa bei ya kutupa, na kule ofisini watu wakafurahi, wakasema olameyu, yaani kiangazi kikali, ndio msimu wetu wa mavuno. Mvua iliporudi lango likawa kimya, kwa sababu ng'ombe aliyechinjwa hazai, na wachache waliosalia hakuna mfugaji aliyekubali kuwauza, basi mashine zikazimwa na vijana wa kuchinja wakatumwa nyumbani. Kuanzia hapo Sironka akawa anaiomba kampuni inunue madume mapema yakiwa bado na mwili, iweke nyasi wakati wa mvua, na kiangazi kikija iwauzie wafugaji kwa bei nafuu ili ng'ombe wa kuzaa wavuke. Aliwaeleza kwamba hali ya hewa imegeuka na ukame hautoi nafasi ya kupumua kama zamani, na kwamba haombi sadaka, anaomba kampuni iwe na kitu cha kuchinja kesho. Waliitikia kwa vichwa, wakanywa chai, wakaahirisha.

Mwaka 2017 yakawa yale yale, mwaka 2022 yakazidi, na katika mkutano mmoja alisimama mbele ya mkurugenzi, Bwana Kiama, akasema, "Bosi, ng'ombe wa bei rahisi wa leo ndiye tutakayemkosa mwaka ujao." Bwana Kiama, ambaye yuko nasi hapa na ametuomba tusifiche, alimjibu kwamba kampuni inauza nyama, haiuzi nyasi. Jioni ile ndugu yangu aliketi nyumbani bila kuvua viatu.

Mwaka 2023 lango lilinyamaza tena, hoteli zikatafuta nyama kwingine, na safari hii ni Bwana Kiama aliyemwita. Ghala la nyasi likajengwa, likajazwa baada ya mvua ya masika ya 2024, na marehemu akapigwa picha mbele yake akiwa na suti aliyovaa kwenye harusi ya Elizabeth, akicheka kama bwana harusi mwenyewe.

Agosti mwaka huo aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu, akadhoofika polepole. Mvua za vuli za 2025 zilipokosekana, ng'ombe wakapanga foleni langoni tena, na ghala likabaki na kufuli, wakubwa wakisema tungoje kidogo, ng'ombe ni rahisi sasa. Kila tulipoingia wodini hakutaka habari ya dawa wala ya wageni, aliuliza tu, "Wamefungua?" Tulitamani sana kumdanganya, lakini tulimjibu bado. Alfajiri ya Jumatano, tarehe 11 Februari 2026, alituuliza tena, tukamjibu vile vile, akageukia ukuta, akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Noonkopir waliotupikia na kutuchotea maji, waumini wenzetu, na wafanyakazi wenzake wote. Kuhusu viti, lori la kampuni lililokuwa livilete lilipigiwa simu asubuhi hii na Bwana Kiama, likaelekezwa ghalani, na tunapozungumza liko njiani kwenda kwa wafugaji wa Kona Baridi likiwa limejaa nyasi, la pili linapakia. Hatujakasirika kwa kusimama, tunaumia tu kwamba limechelewa.

Sironka, mtoto wa mama yangu, wamefungua. Sasa pumzika.