Meno ya Chaki na Shafti ya Yassin

Sogeeni, wanangu, Nurdini na wewe Rukaiya, mkae ninapoziona nyuso zenu, kwa kuwa pumzi niliyobakiwa nayo si ya kurudia neno. Nyumba hii ya Kibiti na shamba la Mohoro vitagawanywa kwa sheria ya mirathi, wala sina hofu navyo. Hofu yangu ni ile mashine ya kukereza iliyo chumba cha uani, maana nyumba haimuui aliyeirithi.

Asubuhi nimeisikia mashine hiyo, Nurdini. Yassin wa Mbwera ameleta shafti ya injini, boti lake limelala topeni, na kule barazani hanyamazi: “Fundi, maji makuu ya bamvua yakinipita, nitakubebesha boti begani!” Nawe ukacheka, ukapachika ovyo meno ya chaki, hayo yanayoibana shafti ikizunguka, ukawasha. Nikalala hapa nasikia shafti inagonga, moyo wangu ukigonga nayo, mpaka dada yako alipozima umeme. Ukamtukana. Mchelea mwana kulia hulia yeye, basi leo sikuchelei: alikuokoa.

Sikiliza utaratibu. Zima umeme ukutani, ndipo uyatoe meno yote. Tope la delta limeingia na shafti, na jino lililokalia tope halishiki, linajifanya limeshika. Safisha kwa brashi njia yanamoingia meno. Zungusha ufunguo mpaka mwanzo wa hesi, ule mfuo unaozunguka ndani ya chaki, utokeze kwenye njia ya kwanza, pachika jino la kwanza, kisha uungoje katika njia ya pili upachike la pili, kisha ya tatu, la tatu, kwani ukiyachanganya hayatakutana katikati. Hayo ni meno laini, niliyachonga kwa shafti nyembamba. Kwa hii nene yachimbe upya, kidogo kidogo, yakiwa yamebana kipande cha chuma kule ndani, kwa sababu jino likibana hukaa tofauti na lilivyokaa likiwa huru. Likichomoza nje ya mwili wa chaki, acha kazi hiyo, hata Yassin alie: jino hilo limeshikwa na hesi chache, na likiruka halichagui fundi wala mteja. Ufunguo utoke kwenye chaki kabla mkono haujaenda kwenye swichi. Na hiyo kanzu uliyotoka nayo msikitini ivue, mikono yake mipana itakuvuta. Watu husema ajali haina kinga, wasikudanganye. Kawia ufike.

Mashine ni yenu wawili, msiiuze. Rukaiya, kabla ya umeme, zungusha chaki kwa mkono wako, uangalie. Nurdini, asiporidhika, usiwashe; nilimfundisha vipimo kabla yako kwa kuwa ana subira, si kwa kukudharau. Umalize kinyongo hicho leo, nikiwa hai.

Nendeni sasa… mlango wa uani muuache wazi. Yassin asisimame mbele ya chaki, akae kando. Mungu awazeeshe na vidole vyenu vyote… awape riziki isiyo na damu… Ukiwa tayari, Nurdini, niite. Nisipoitika… muulize dada yako. Akikwambia washa… washa.