Chungu Kilichofunikwa

Kusikiliza hakulipiwi nauli, kwa hiyo Prisca alitega sikio tangu Landrova ilipoondoka Nachingwea. Mbele yake, mama mmoja alikuwa akimwonyesha mzee asiyemjua karata aliyoikuta mfukoni mwa koti la mtumba. Ilichorwa mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, panga mbili kazipishanisha kifuani.

"Hii Wazungu wanapigia ramli," mzee akasema. "Huyu ameshindwa kuamua."

"Nani kamfunga macho, babu?"

"Kajifunga mwenyewe. Akiona, itabidi achague."

Mama akaigeuza karata mkononi. "Mume wangu alipotelea Msumbiji. Vita vimekwisha, hajarudi. Jana jioni nikamwaga unga chini ya mti, ukasimama kama kichuguu, nikaufunika kwa chungu. Ukilala bila kubomoka, yu hai. Ukibomoka, wakwe zangu wa Malolo waninyoe nywele za ujane leo."

"Ukaukuta vipi?"

"Nimeondoka sijafunua."

"Najua," mzee akasema taratibu. "Nimepita chini ya mti huo alfajiri, nikafunua mimi."

Prisca akamtazama vidole. Vilikuwa vyeupe kwa unga.

"Malolo! Malolo hapa!" utingo akaita, gari likasimama.

Mama hakushuka, wala hakuuliza. Alivuta khanga yake, akajifunika macho.