Mama Mkwe Aliomba Kuona Kovu

Ndugu zangu, hamjambo. Wale mmetoka Rongai, wale wa Kisaju, na nyinyi wenyeji wa hapa Kajiado, poleni na safari na poleni na huu ugonjwa wetu wa figo. Wengi wenu mnaniona nimesimama wima mkadhani sijawahi kulala kitandani. Ngojeni niwaambie.

Mimi ni fundi wa mawe. Kitengela ilipoanza kujengwa kila upande, miaka ile simu ya mkononi ilikuwa bado ya wachache, nilikuwa na kazi asubuhi mpaka jioni. Halafu miguu ikaanza kuvimba. Nikasema ni kusimama sana. Uso nao ukavimba, chakula kikakataa kushuka, na siku moja nikashindwa kuinua jiwe ambalo zamani ningelibeba nikipiga mluzi. Hospitalini Nairobi daktari akaniambia figo zote mbili zimechoka. Nikaanza kusafishwa damu kwa mashine. Wale mmepitia hapo mnajua. Unatoka mwili umekuwa kama kitambaa kilichokamuliwa, na kiu iko, na maji unapimiwa.

Daktari akasema nikipata mtu wa kunipa figo moja, naweza kurudi kazini. Ndugu zangu wa tumbo moja wakapimwa, hakuna aliyefaa. Mke wangu akapimwa, akafaa. Akasema, "Basi ni mimi." Alilisema hilo jambo kama mtu anayesema ataenda sokoni.

Kwao, kule Ukambani, hawakulipokea. Mama mkwe alituma neno kwamba yeye alitoa binti aolewe, hakumtoa akakatwe. Na sisi Wakamba mnatujua. Mimi siwezi kukaa na mama mkwe tubishane, hata kumtazama usoni ni shida. Kwa hiyo mke wangu akabaki katikati, anapika huku analia. Nikamwambia aliache hilo jambo, mimi nife na yeye abaki na watoto.

Wakati huo nesi mmoja akatutuma kwa mama fulani, ofisi yake iko mwisho wa korido. Huyo hashiki sindano, haandiki dawa. Ni afisa wa ustawi wa jamii wa pale hospitalini, kazi yake ni kukaa na mgonjwa na watu wake. Mimi nilifikiri hao ni watu wa kugawa blanketi.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuniomba nitoke nje. Mke wangu alinisimulia baadaye walichoongea. Aliambiwa, "Kama hutaki, niambie mimi peke yangu. Daktari atasema tu haiwezekani, na hakuna atakayejua sababu. Hata asubuhi ya kupasuliwa unaweza kukataa." Ndugu zangu, nawaambia, mke wangu alikuwa amepewa mlango wazi kabisa wa kutokea. Akajibu kwamba anataka kutoa, ila hawezi kutoa bila mama yake. Afisa akasema basi mama aje.

Mama mkwe akaja. Mimi nikakaa kwa benchi nje, kama inavyotakiwa, nayo habari ya ndani niliipata kwa mke wangu. Yule afisa hakubishana naye. Alimuuliza tu anaogopa nini hasa. Mama mkwe akasema, "Nikizika wawili, hawa watoto nitawalea na nguvu gani?"

Hakuambiwa asiogope. Aliambiwa ukweli, kwamba hatari ipo, ni ya namna gani, na madaktari wanamkingaje binti yake nayo. Halafu akaombwa arudi siku nyingine. Aliporudi alimkuta mwanamke mmoja ambaye alimpa dada yake figo miaka ya nyuma. Mama mkwe akaomba kuona kovu. Wakaenda wawili nyuma ya pazia. Akamuuliza kama anabeba maji. Anabeba. Kama amezaa baada ya hapo. Amezaa, na mtoto anasoma nasari.

Alipotoka alipita mbele ya benchi langu, akasimama, akaongea akitazama ukuta. "Mwambieni huyu kijana ajiandae. Watoto nitakaa nao mimi."

Niliinama tu.

Tulipasuliwa, tukaamka wote wawili. Na wagonjwa wenzangu, nyinyi peke yenu mtaelewa furaha hii: nesi aliinua mfuko nikauona una mkojo! Mkojo wangu mimi, niliyekuwa nimesahau kukojoa! Nilicheka mpaka mshono ukauma.

Lakini nyumbani nikaanza kunyamaza. Nikimwona mke wangu anashika ubavu akiinuka, nakosa raha, nageukia ukutani. Afisa alikuwa amemwambia aangalie kama hilo litatokea, kwa hiyo mke wangu akampigia kwa kibanda cha simu. Afisa akaniita ofisini kwake. Akaniambia, "Hukumwibia. Alikupa. Kazi yako ni kumeza dawa kwa saa yake, kila siku, maisha yako yote." Akaongea pia na mkubwa wangu wa kazi, nikarudi mjengo kama msimamizi, nguvu zikija polepole. Leo jiwe nainua.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru madaktari, na yule mwanamke aliyekubali kuonyesha mwili wake kwa mtu asiyemjua. Namshukuru mama mkwe, ambaye alikuja kukaa mwezi na akakaa mpaka watoto wakamzoea kuliko sisi. Na namshukuru yule mama wa mwisho wa korido. Somo langu ni fupi. Figo ikiumwa, nyumba nzima inaumwa. Ukiambiwa pale hospitalini kuna mtu wa kuongea na watu wako, usimpite, na usiende peke yako. Nenda na yule anayekataa.

Mama watoto, hebu simama watu wakuone.

Ndiye huyu. Mpigieni makofi yeye, mimi nimeshapokea yangu.