Tarehe Tano za Kiwanda cha Randusewu

Benchi la Bu Marsiyem, mama muuza kahawa, liko nyuma ya kitivo, pale ukuta wa chuo unapopinda, na halina mtu mpaka alasiri, mkokoteni unapofika na birika zake tatu. Tanbihi huwahi kuliko wote. Ni mwanafunzi wa historia wa muhula wa kumi na tatu, na jina hilo amepewa kwa sababu hasemi neno bila kuliongezea maelezo ya chini. Anayemfuata ni Pak Reli, mzee aliyekagua tiketi za treni miaka thelathini na moja. Alhamisi hiyo alikuwepo pia Wening, amekumbatia mfuko wa plastiki wenye tasnifu yake, kurasa mia moja na kumi na mbili. Kesho saa mbili asubuhi msimamizi wake angeitia sahihi, au asingeitia. Bila sahihi hakuna mahafali, na huko Wonosari baba yake alikwishakodi basi dogo la kuleta ukoo mzima. Kikwazo kilikuwa swali moja la penseli, ukurasa wa sabini na nne: “Kwa nini siku hizi?”

– Hebu zitaje tena hizo tarehe, alisema Tanbihi.

Wening hakuhitaji kufungua mfuko.

– Mwaka 1931. Tarehe 12 Juni, 27 Juni, 7 Julai, 17 Julai, 1 Agosti. Karani Mholanzi wa kiwanda cha sukari cha Randusewu ameandika kwamba siku hizo watu zaidi ya sitini hawakuja kazini. Kurasa nyingine zinazosomeka, wamekuja wote. Kuna zilizoliwa na mchwa.

– Na wewe umesema nini?

– Mgomo wa siri. Sura nzima ya tatu.

– Safi. Sasa hesabu nafasi zake. Kumi na tano, kumi, kumi, kumi na tano. Ukienda mbele, ukirudi nyuma, ni ileile. Huo ni msimbo, Mbak, dada yangu.

– Msimbo wa nani?

– Ndiyo uzuri wa msimbo, hujui wa nani. Maelezo ya chini: waliokuwa wanajua wamekufa.

Pak Reli alisubiri Bu Marsiyem atumbukize kaa la moto kwenye kahawa yake, likalia chwii, ndipo akakohoa.

– Penye wazee haliharibiki neno. Msimbo ulipitia wapi? Filimbi ya treni ya miwa. Dereva anapiga mbili ndefu, moja fupi, kesho yake kiwanda kizima kimelala. Marehemu mjomba wangu alipiga hivyo.

– Alikuwa dereva wa Randusewu? aliuliza Wening.

– Alikuwa Surabaya. Lakini filimbi inasikika mbali.

– Hapo ni siku nzima ya safari, Pak.

– Enzi hizo hakukuwa na kelele.

Bu Marsiyem aliweka mbele yao pakiti ndogo za wali na dagaa, ziitwazo wali wa paka, akajifuta mikono.

– Nyie wasomi mnazunguka tu. Hao watu walikuja kazini.

– Imeandikwa hawakuja, Bu.

– Imeandikwa na karani. Walikwenda kwa mganga, wakapakwa dawa, wakaja. Karani ndiye hakuwaona.

Macho ya Tanbihi yalijaa machozi ya furaha.

– Mkoloni asiyeona. Mbak Wening, hiyo siyo dawa, hiyo ni nadharia. Andika.

Wening alijikuta anaandika. Alikuwa amefika “kutoonekana kama upinzani” pikipiki iliposimama, sufuria zimepangwa nyuma yake mpaka juu ya kichwa cha dereva. Dereva alikuwa mama mmoja mchuuzi; akashuka, akaagiza chai ya tangawizi, akaketi ukingoni. Alisikiliza hadi chai ikafika nusu.

– Samahani, Mbak. Soko la hapo kiwandani lilikuwa siku gani?

Pak Reli alilichokoa kaa ndani ya kikombe chake kwa kijiko.

Wening alianza kuhesabu kwa vidole kuanzia tarehe 12 Juni, tano tano, kama wanavyohesabu wote nyumbani, ambako kando ya juma la siku saba kuna juma la soko la siku tano zenye majina yake, kama Legi na Pahing. Tarehe zote zikaangukia kidole gumba.

– Wewe umezaliwa siku gani? aliuliza Bu Marsiyem polepole.

– Jumatano Pahing.

– Unaijua hiyo, na hili hukuliwaza?

– Karani aliandika tarehe za Kizungu, Bu. Nikazifuata.

Siku ya Uhuru, 17 Agosti 1945, ilikuwa Ijumaa Legi. Hilo alifunzwa shule ya msingi. Akahesabu kwenye simu kurudi nyuma mpaka 12 Juni: siku 5,180, zinagawanyika kwa tano bila baki.

– Zote ni Legi, alisema. Legi nyingine za katikati ni zile kurasa zilizoliwa na mchwa. Walikwenda kuuza na kununua. Sura nzima ya tatu ni watu wamekwenda sokoni.

– Nyamaza, alinong’ona Tanbihi. Mficha uchi hazai. Kwa hiyo ficha.

– Methali hiyo umeivaa kinyume, alisema Pak Reli.

– Basi sahihi kwanza, ukweli muhula ujao. Mimi nimeutafuta ukweli mihula mitano, Mbak, mnaniona nilipo.

Wening alimgeukia mchuuzi.

– Soko la Randusewu siku hizi ni Legi?

– Legi. Kesho ndiyo zamu yangu.

– Na mwaka 1931?

– Sikuwepo, mwanangu. Nasikia lilihamishwa. Kama na siku yake ilihamishwa, sijui. Kuna mabibi wanauza tambuu pale tangu kwa mama zao, waulize hao. Wanakaa mpaka saa tatu tu.

– Unaondoka saa ngapi?

– Kumi na moja alfajiri, hapahapa. Saa moja na nusu tuko pale.

– Mbak, alisema Tanbihi. Saa mbili.

– Najua ni saa ngapi, Mas.

Akaufunga mfuko wa tasnifu fundo, akamgeukia tena mchuuzi.

– Una helmeti ya pili, Bu?

– Ninayo. Lakini utapakata sufuria.