Rosalind Pavlik na Jumamosi ya Wachezaji wa Akiba

(Wasifu wa marehemu, unasomwa na mdogo wake, Emil Hruska)

Marehemu Rosalind Pavlik alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 hapa Johnstown, Pennsylvania, mtoto wa kwanza wa mzee Stefan Hruska, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, na mama Verna. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Kila Jumapili alitupanga sebuleni sisi wadogo zake, akatuimbisha, na aliyekosea alirudia mpaka chakula kikapoa.

Alisoma shule za hapa mjini, kisha akasomea muziki chuo kikuu huko Pittsburgh na kuhitimu mwaka 1979. Mwaka huohuo aliajiriwa kufundisha muziki katika sekondari ya Stony Hollow, na hakuhama hadi alipostaafu mwaka 2019.

Hapo shuleni alikutana na Gerald Pavlik, fundi aliyeitwa kutengeneza bomba lililopasuka nyuma ya jukwaa. "Ukimaliza bomba, shika brashi hiyo. Ukuta ule haujapakwa rangi," alimwambia. Gerald akaupaka, na akapaka kuta za michezo yote iliyofuata. Walifunga ndoa tarehe 19 Juni 1982, wakajaliwa binti mmoja, Maribeth. Gerald alitutangulia mwaka 2015.

Kila majira ya kuchipua marehemu aliandaa mchezo wa kuigiza wenye nyimbo. Usiku walicheza wahusika wakuu. Jumamosi mchana, kwa sheria yake mwenyewe, jukwaa lilikuwa la wachezaji wa akiba, wale waliojifunza nafasi za wenzao bila uhakika wa kuzicheza. Sasa, majaji wa Tuzo za Jukwaa la Bonde, zinazotolewa kwa shule na wanafunzi waliotia fora, huja bila kutaja siku. Walimu wengine wote walikuwa na akili ya kuogopa majaji wasije wakakuta wachezaji wa akiba. Dada yetu hakuwa nayo.

Mwaka 2004 Maribeth alikuwa mhusika mkuu, tena mwaka wake wa mwisho shuleni. Mshindi wa tuzo ya mwimbaji bora angepelekwa New York kusomea muziki, na binti huyo hakuwa na ndoto nyingine. Majaji wakaja Jumamosi mchana. Wakamkuta Denise Kovalik, mchezaji wake wa akiba, na katikati ya wimbo wa mwisho Denise akasahau maneno. Rosalind, aliyekuwa kwenye piano, akaurudia mwanzo wa ubeti mara ya pili, mara ya tatu, akimtazama tu kwa upole, mpaka msichana akayadaka maneno. Tuzo zilipotangazwa, shule yetu haikutajwa popote.

"Mama, ungebadilisha siku moja tu! Mimi si mwanao?" Maribeth alilia jikoni.

"Mama yake Denise anafanya kazi usiku. Angemwona lini mwanawe akiimba?"

"Kwa hiyo mimi ndiyo nilipie?"

Baada ya shule, Maribeth alihamia Cleveland, akawa muuguzi, na hakuimba tena mbele ya mama yake. Jambo hilo lilimuuma sana dada yetu, ingawa hakukubali kamwe kwamba alikosea.

Oktoba 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Maribeth alirudi kumuuguza. Wiki za mwisho mama alimuuliza nani ataimba mazishini.

"Mimi, mama. Nani mwingine?"

"Wewe utakuwa unalia. Mpigie Denise."

"Denise! Mama, yule atasahau maneno tena!"

"Akisahau, si upo?"

Maribeth alicheka mpaka akalia, kisha akachukua simu. Siku hiyo alimwimbia mama yake wimbo ule wa 2004, mzima, bila kuombwa. Rosalind alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 7 Februari 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa bintiye.

Marehemu ameacha binti, Maribeth, mkwe, Todd, wajukuu wawili, wadogo zake, Ludmila na mimi Emil, na wanafunzi waliojaza kanisa hili mpaka mlangoni.

Denise, ambaye sasa ni dereva wa basi la shule, ataimba sasa hivi. Akisahau maneno, tafadhali msikohoe wala msigeukiane. Maribeth ndiye aliye kwenye piano, na ameahidi kusubiri.

Lala, dada yetu. Ubeti tutaurudia sisi.